Kilomita 98,000

Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi na bado sijakutanishwa na gari la kuuzwa lililopita kilomita laki moja. Yapo ya 96,000. Yapo ya 97,400. Lakini mengi, tena mengi mno, ni ya 98,000. Gari lina namba A, liliposhushwa bandarini mwanangu wa kwanza alikuwa hajazaliwa na sasa anaota ndevu, halafu ukichungulia deshibodi unakuta 98,000. Ukigawanya kwa miaka, hesabu inakwambia mwenyewe alikuwa akilitoa sikukuu kwa sikukuu, anakwenda kuswali Idi, analirudisha na kulifunika shuka.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Mwaka jana nilipandwa na shetani wa kutaka gari, na shetani mwenyewe hakuwa wa kawaida, maana wa kawaida angetaka IST kama watu wengine mambo yakaisha. Wangu alitaka stesheni wagoni, la dizeli, tena auto.

Sababu ninazo. Nyumbani tupo sita, na mama mkwe akija kutoka Morogoro haji mikono mitupu: anakuja na mchele, mikungu ya ndizi na kuku wawili wenye nia ya kuishi. Buti la IST linamezwa na mchele, kuku wanakaa mapajani mwangu. Noah sikuitaka kwa sababu ukiendesha Noah watu wa vituoni wanakupungia mkono wakiuliza unaishia wapi. Auto ni kwa ajili ya goti langu la kushoto, ambalo nililizika kwenye foleni ya Ubungo nikikanyaga klachi ya gari la kazini kwa miaka tisa. Na dizeli ni urithi. Marehemu baba alikuwa dereva wa malori, naye aliamini petroli kazi yake ni kuwashia mkaa uliolowa.

Nikaenda kumshirikisha fundi wangu. Alikuwa chini ya gari la mtu, ninaongea na miguu yake. Nilipomaliza kueleza, miguu ikatulia, kisha mwenyewe akajivuta nje, akaweka spana chini.

"Mzee," akasema, "hapo umetaja magonjwa matatu. Gari hujalitaja."

Akaanza kuhesabu kwa vidole vya grisi. Zile Toyota za injini ya 2C na 3C, hasa zenye tabo, hazipendi joto: rejeta ikiziba kidogo, maji yakapungua, silinda hedi inapasuka, na hapo unalipia hedi, gasketi, na usafiri wa fundi kwenda kuitafuta. Gia boksi ya auto ikianza kuteleza ni wachache wanaothubutu kuifungua. Inatafutwa nyingine iliyotumika, ambayo nayo ilitolewa kwenye gari la mtu kwa sababu ambayo hutaambiwa.

"Na stesheni wagoni?"

"Hiyo haina ugonjwa. Ugonjwa wake utatoka kwa majirani."

Nikacheka. Mjinga mie.

Kwanza niliwaza kuagiza Japani moja kwa moja. Nikaingia kwenye kikokotoo cha TRA, nikajaza mwaka wa gari, ukubwa wa injini, nikabonyeza, nikaenda kunywa maji. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na katikati hapo umekaa ushuru wa uchakavu, ambao gari likizidi miaka 10 unakuwa 30%. Na stesheni wagoni ndogo za dizeli za Wajapani ni za zamani, wenyewe walishazichoka. Kenya wasingenisumbua kwa hesabu, kwao gari lililozidi miaka 8 haliingii. Sisi tunalipokea, tunalitoza faini ya uzee. Nikafunga kompyuta nikampigia dalali.

Dalali wa magari wa Dar ana simu tatu na hana gari. Mimi alinipenda siku ya kwanza, akaniita "bosi wangu", na kwa kuwa asilimia 10 ni yake, mapenzi yalikuwa ya kweli. Akanipeleka Kinondoni kuona la kwanza.

"Hii ni ya mama mmoja daktari," akasema. "Haijawahi kufunguliwa hata nati. Ni kuwasha na kuondoka."

Nikaweka kiganja kwenye boneti. Nikakitoa haraka. Lilikuwa la moto kama kikaango cha chapati, na eti limelala hapo toka jana. Mwenye gari la dizeli anayejua kwamba asubuhi haliwaki ataliwasha saa moja kabla hujafika, alihangaikie faraghani, ukija wewe likubali kwa ufunguo mmoja ushangilie. Nikaingia ndani. Deshibodi: 98,000. Pedali ya breki: mpira wake umelika upande wa kulia mpaka chuma kinachungulia, kinang'aa kama sarafu. Usukani umeparara. Siti ya dereva imebonyea, ukikaa unaona barabara kupitia katikati ya usukani. Nikamuuliza dalali yule mama daktari alikuwa akivaa viatu gani. Hakunijibu, alikuwa kwenye simu ya pili.

Tulipoliwasha likatoa moshi wa bluu. Wa dizeli wanajua: mweusi ni mafuta yanayozidi, mweupe ni maji au dizeli isiyoungua, bluu ni oili, na bluu maana yake jiandae kushusha injini. "Huo ni baridi tu," akasema dalali. Ilikuwa Februari, Kinondoni, saa nane mchana.

La pili lilikuwa Mwenge, nalo lilikuwa limepambwa. Injini imeoshwa na kupakwa dizeli ikameremeta kama bibi harusi, siti zina nailoni, kwenye kioo inaning'inia manukato ya mti. Kilomita, nadhani umeshaotea. Sasa, Toyota nyingi za dizeli zenye taimingi belti zina kitaa kimeandikwa T-BELT. Gari likitimiza kilomita 100,000 kinawaka, kukukumbusha ubadilishe mkanda kabla haujakatika na kuipeleka injini makaburini. Gari la 98,000 halina sababu ya kukiwasha. Hili la Mwenge pale kilipo kitaa palikuwa na kipande cha insulesheni nyeusi, kimekatwa vizuri kabisa kwa mkasi, na nilipokikwangua kwa kucha mwanga wa machungwa ukanitazama.

"Hiyo ni taa ya mapambo, bosi wangu."

Nikaona magari kumi na moja. Nilianza kuwa na ujuzi ambao hauna faida kwa mtu wa umri wangu: kunusa kijiti cha haidroliki ya gia boksi kama mtu anayeonja mchuzi (nyekundu na haina harufu, sawa; kahawia na inanuka kuungua, rudi nyumbani), kupapasa mikanda ya siti, kuvuta mazulia. Mke wangu akaanza kuniuliza kama natafuta gari au natafuta mchumba.

Kisha shemeji yangu akapiga simu kutoka Tanga. Lipo gari huku, akasema, Caldina ya dizeli, auto, ya mzee mmoja mstaafu pale Chumbageni. Lakini kilomita zake zinatisha.

"Ngapi?"

"Laki tatu na themanini na saba."

Nilikaa kitako. Si kwa woga. Ilikuwa kama kumsikia mwanasiasa anataja umri wake mwenyewe. Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye basi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama? Gari halikimbii, kwanza unywe chai."

Nikanywa chai ya tangawizi, nikala kashata, nikaulizwa habari za Dar na za wazazi, nikapewa pole ya baba. Ndipo tukaenda uani. Lilikuwa chini ya mwembe, rangi ya fedha iliyochujuka kuwa rangi ya sufuria ya zamani, majani mawili ya mwembe juu ya kioo. Nikaweka kiganja kwenye boneti. Baridi kama mtungi. Nikachungulia deshibodi: 387,412. Nikatazama pedali: zimelika. Kwa mara ya kwanza tangu nianze safari hii, pedali na deshibodi zilikuwa zinasema jambo moja.

"Wamekuja vijana watatu," mzee akasema. "Wote wakaitazama hiyo saa, wakashukuru, wakanywa chai, wakenda zao. Mmoja akanambia, mzee ungezirudisha nyuma kidogo lingeuzika. Nikamwambia, na haya magoti yangu nayo utayarudisha?"

Akatoa daftari. Daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, kona zimejikunja. Kila ukurasa una mistari iliyopigwa kwa rula. Upande wa kushoto kilomita, upande wa kulia jambo lililofanyika, kwa mwandiko wa watu waliofundishwa kwa fimbo. Kila kilomita 5,000 oili na filta. "Haidroliki ya gia boksi, lita 4." "Mombasa, harusi ya mjukuu, kupitia Horohoro, geji ya joto haikusogea." Na penye 300,000: "Taimingi belti. Imebadilishwa. Nimeona kwa macho." Mstari wa chini yake ulikuwa umepigwa mara mbili.

Nimewahi kusoma vitabu visivyonigusa hivyo.

Akanipa ufunguo. Nikageuza hatua ya kwanza, kile kitaa cha hita plagi chenye umbo la springi kikawaka, nikasubiri, kikazima, nikapiga. Likakohoa mara moja, likashika. Moshi kidogo mweusi, ukapotea. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka chini ya deshibodi, ikasema kitu kwa Kijapani, kwa adabu nyingi.

"Huyo hunisalimia," mzee akasema. "Miaka kumi na minane sasa. Mie humwitikia."

Tulianzia milioni sita na nusu, tukamalizia sita na laki moja, na bibi akanifungia kashata za njiani. Mzee alisimama getini mpaka nikakata kona. Nilimwona kwenye kioo, hakupunga mkono, alikuwa anasikiliza injini.

Njia ya Tanga mpaka Dar nisikuchoshe nayo. Kila kijiji kina kibao cha 50 na nyuma ya kila mwarobaini kuna trafiki mwenye tochi. Muheza nikapakia magunia matatu ya machungwa kwa sababu nafasi ipo, na nafasi ikiwepo mtu huingiwa na wazimu wa kuijaza. Redio ilikuwa ya Kijapani, mawimbi yake yanaishia 90, kwa hiyo nusu ya stesheni za nchi hii kwangu hazipo. Nikaendesha nikiitazama geji ya joto kama mtu anavyotazama mgonjwa. Haikusogea. Yule mama wa Kijapani alinisemesha kila nilipozima na kuwasha, nami, kwa heshima ya mzee, nikawa namwitikia marahaba.

Baadaye kijana mmoja aliyesoma Kijapani alipanda gari langu akasikiliza, akacheka mpaka akashika mlango. Hicho kidude ni cha kulipia barabara za kwao. Mama hasalimii. Anasema kadi haijaingizwa. Yaani miaka kumi na minane anadai kadi, na mzee wa watu anamjibu marahaba.

Na sasa niingie kwenye ule ugonjwa wa majirani.

Wiki ya kwanza tu nyumba yetu ikawa stesheni wageni. Sikujua kama mtaa wetu una kamati za harusi saba. Viti vya plastiki vya kitchen party: gari lipo. Masufuria ya ubwabwa: gari lipo. Godoro la mtoto anayekwenda bweni Kibaha, sita kwa sita, limekunjwa likafungwa kwa kamba: gari lipo, na dereva yupo, na mafuta "tutaonana". Jirani wa nyumba ya tatu, ambaye miaka yote tulikuwa tunaitikiana kwa nyusi, alikuja jioni moja akazunguka gari taratibu, akauliza kama siti za nyuma zinalala. Zinalala. Akafungua mlango wa nyuma, akapima kwa mikono kutoka buti mpaka siti za mbele, akatikisa kichwa kuridhika. Nikamuuliza anataka kubeba nini. Akasema kwa sasa hakuna, ila mjomba wake hali yake si nzuri.

Mafuta ni shida nyingine. Hakuna mhudumu wa kituo anayeamini kwamba gari dogo linaweza kunywa dizeli.

"Dizeli ya elfu hamsini."

"Petroli ya hamsini, sawa bosi."

"Dizeli."

Anatazama gari, ananitazama mimi, anapiga hatua kuelekea kwenye petroli. Nimeandika DIZELI kwenye kifuniko kwa rangi nyekundu, na bado mmoja alikisoma kwa sauti, akatabasamu, akanyanyua mpira wa petroli. Sasa kituoni nashuka na kusimama mbele ya tundu kama golikipa. Nafuu yenyewe, kusema kweli, marehemu baba aliiona zamani zake. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ipo miezi dizeli inapita petroli kabisa. Nafsi yangu inafarijika kwamba gari lenyewe halinywi, linanusa tu.

Halafu betri ikafa.

Gari la petroli la manyuo betri ikifa, unaita vijana wanne, wanasukuma, unatia gia mbili, unaachia klachi, limewaka, unawapa hela ya soda. La auto haliwaki kwa kusukumwa. Pampu ya gia boksi inazungushwa na injini, injini isipozunguka gia hazishiki, hata ukilisukuma mpaka Chalinze. Na la dizeli linataka betri yenye nguvu mara mbili, za kuwasha hita na za kuzungusha injini ngumu. Vijana wa mtaani wakaja mbio kabla sijawaita, maana magodoro yao nimebeba. Nikawaeleza. Pampu, gia, injini. Wakanisikiliza kwa makini sana. Kisha mmoja akasema, "Mzee, wewe ingia tu ndani," wakalisukuma. Walilisukuma mpaka mwisho wa mtaa, wakiimba. Nikiwa ndani nimeshika usukani, sina la kufanya, kila mtu barazani ananipungia. Huko mwisho wa mtaa likasimama, vijana wakasimama wanahema, nikatoa hela ya soda. Wakaondoka. Gari likabaki pale siku mbili, na mtoto wa nyumba ya hapo, ambaye alikuwa akilisikia likipita kila asubuhi, akamuuliza mama yake kama ile mashine ya kusaga sasa imehamia kwao.

Lakini injini haikunisumbua, gia boksi haikuteleza hata siku moja. Niliendeleza daftari. Nikapiga mistari kwa rula chini ya ile ya mzee: 392,400, oili na filta. Mwandiko wangu ni mbaya, nikawa naona haya.

Mwezi uliopita taa za deshibodi zikaanza kuzimika usiku, nikawa naendesha bila kujua nakwenda mwendo gani. Nikalipeleka kwa fundi wa umeme, si yule wangu, mwingine, gereji ya watu wengi. Akasema ni balbu na waya, elfu ishirini, nije jioni. Nikaenda jioni. Akawasha ufunguo kwa madaha. Deshibodi ikawaka yote, nzuri, kijani kibichi, kila mshale mahali pake.

98,000.

Nikavaa miwani. 98,000, zimepangika wima bila kupinda, hata mkwaruzo hakuna.

"Nimekusaidia, mzee," fundi akasema, amekunja mikono kifuani. "Nilipofungua nikaona kilomita zimetupa sana. Siku ukitaka kuuza isikupe shida. Hiyo sikuchaji."

Nikamwambia, taratibu, kwa sababu nilihisi kitu kinapanda kifuani, arudishe kama zilivyokuwa. 394,000 na ushee. Akanitazama kwa namna ile vijana walivyonitazama siku ya betri.

"Kurudisha nyuma tunafanya kila siku," akasema. "Kupeleka mbele sijawahi kuombwa. Hata bei yake sina."

Akaenda kuwauliza wenzake. Wakakusanyika wanne, wakajadiliana. Mmoja akasema inawezekana, ila itabidi ajue sababu, asije akaingizwa kwenye kesi.

Bado wanajadiliana simu yangu ikaita. Dalali. Miezi mingi hatujaongea.

"Bosi wangu! Ile gari uliyokuwa unaitafuta imepatikana. Picha nimetumiwa sasa hivi na mtu wangu wa gereji. Caldina, dizeli, auto, injini haijafunguliwa hata nati. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Tanga, haitembei kabisa."

"Kilomita ngapi?"

"Tisini na nane tu, bosi wangu."

Nikauliza bei. Milioni tisa, maelewano yapo. Nikamwambia aniwekee, nakuja kuliangalia kesho, na asiliwashe kabla sijafika.